Ukiitisha baraza la chama mtaani, anza na daftari

Mwezi huu nimepigiwa simu na wenzangu watatu, wawili wa Iringa na mmoja wa Makambako, wote na kilio kimoja. Wameitisha baraza la chama mtaani kwao. Mara ya kwanza watu wakajaa mpaka nje, mara ya pili wakaja nusu, mara ya tatu wakabaki viongozi wa tawi wanatazamana. Wanauliza wamekosea wapi. Nimekuwa nikiandaa mabaraza haya hapa Mbeya tangu 2017, na kosa hilo nalijua kwa sababu nimelifanya mwenyewe. Naandika ili mwingine asipoteze mwaka mzima kama nilivyopoteza mimi.

Kwa asiyetujua: chama chetu ni cha mrengo wa kushoto. Tunataka matibabu yasiwe ya mwenye fedha tu, ardhi ibaki mikononi mwa mkulima mdogo, na mama lishe, bodaboda na kibarua wa shambani wawe na akiba ya uzeeni kama aliyeajiriwa ofisini. Watu hao ndio waliojaa kuanzia Mwanjelwa na Soweto mpaka Uyole, kwa hiyo hatuna haja ya kuwatafuta mbali. Mabaraza yenyewe tuliyaanza kwa kubanwa. Katikati ya 2016 mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa, ukiacha ya wabunge majimboni mwao, na zuio halikuondoka mpaka Rais Samia alipolifuta tarehe 3 Januari 2023. Kilichobaki miaka yote hiyo ni vikao vya ndani. Sisi tuliozoea jukwaa na spika tuliona kukaa chumbani na watu 30 ni kama kushushwa cheo. Ilinichukua muda kuelewa kwamba mle chumbani ndimo kazi ilimo.

Baraza letu la kwanza tulikodi chumba cha nyuma cha mgahawa mmoja pale Soweto. Tukaweka meza kuu, tukaitandika kitambaa, tukapanga chupa za maji. Utambulisho peke yake ulikula dakika 40: mwenyekiti wa kata, katibu wa jimbo, mlezi wa vijana, mgeni kutoka mkoani, kila mmoja akasimama, akasalimia kwa salamu ya chama, akaomba "dakika moja tu". Zikafuata hotuba mbili. Maswali tukayaacha mwisho, giza limeanza kuingia na akina mama wanatazama saa kwa sababu nyumbani hakujapikwa.

Karibu na mlango alikuwa amekaa mama mmoja, kitenge amekifunga juu ya sweta, kikapu kakiegemeza ukutani. Alinyoosha mkono tangu mwanzo. Tulipompa nafasi akaeleza kwamba ananunua viazi kwa wakulima kule Umalila na kuvileta Mwanjelwa, gunia sita kwa safari, akichangia gari na wenzake. Njiani kuna kizuizi, na kila akipita analipishwa ushuru kwa gunia. Akauliza, "Hiyo pesa ni halali au siyo?"

Nikamjibu kwa maneno mengi. Nilizungumzia kodi kandamizi, mfumo wa masoko na namna serikali inavyomkamua mnyonge. Watu wakapiga makofi. Nikamwambia swali lake nimeliandika.

Mwezi uliofuata akarudi. Mshereheshaji hajamaliza kufungua kikao, mama akasimama. "Mara ile mliandika. Naomba mnisomee mlichoandika." Nikafungua daftari mbele ya watu wote. Pameandikwa: "Mama, viazi, ushuru." Chini yake hakuna kitu. Akatikisa kichwa, akakaa. Hakugomba, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Tulitafuta jibu wiki ile ile, na halikuwa limefichwa. Tangu bajeti ya mwaka 2017/18 serikali ilifuta ushuru kwa mazao yasiyozidi tani 1 yanayosafirishwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Umalila iko Halmashauri ya Wilaya ya Mbeya, Mwanjelwa iko Jiji. Gunia sita za kilo 100 ni kilo 600. Kwa hesabu hiyo hakustahili kutozwa hata shilingi. Tukachapa karatasi yenye maelezo hayo, kijana wetu mmoja akapanda naye gari safari iliyofuata, na pale kizuizini wakaionyesha kwa adabu. Wakapita bila kulipa.

Halafu akatufundisha jambo ambalo sisi wasomi wa tawi hatukulifikiria. Alisema gunia zake si za kilo 100. Ni lumbesa, zimeshonewa kichwa juu. Tukaenda kupima moja: kilo 140. Kwa hiyo sita zilikuwa kilo 840, bado chini ya tani, lakini akiongeza mbili tu amevuka, na kizuizini watakuwa na haki yao. Zaidi ya hapo, sheria ya vipimo hairuhusu mazao kufungashwa zaidi ya kilo 100, na kila siku mkulima wa Umalila anauza lumbesa kwa bei ya gunia. Yaani mama yule alikuwa anaonewa kizuizini, na mkulima anayemuuzia alikuwa anaonewa shambani. Alilisema mwenyewe, mbele ya watu, kwa sauti ya chini. Baraza la mwezi huo likawa la lumbesa tupu, saa mbili na nusu, wakulima upande huu na wachuuzi upande ule. Sijawahi kusikia siasa nzuri kama ile, na hakuna aliyetaja jina la chama hata mara moja.

Tangu siku hiyo tunafungua kila baraza kwa kusoma daftari, hata kabla ya utambulisho. Tunasoma swali lililoulizwa, nani alipewa kulifuatilia, na amepata nini. Kama hajapata kitu, anasimama yeye mwenyewe aseme hajapata, na aseme alikokwenda. Watu wanavumilia sana kuambiwa "bado". Wanachoshindwa kuvumilia ni kuona waliyoyasema yamepotea. Ukichukua ushauri mmoja tu kwangu, chukua huu. Mengine yote yanaweza kurekebishwa njiani.

Marehemu baba yangu aliongoza kikundi cha kusikiliza redio kule Rungwe mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya. Nchi nzima walishiriki watu kama milioni 2, wakikaa kwenye vikundi vidogo, wanasikiliza kipindi kisha wanajadili. Alikuwa akitusimulia kwamba kipindi kikiisha hawakuruhusiwa kutawanyika mpaka waamue kazi: nani anachimba choo wiki hii, nani anafyeka nyasi zinazozunguka kisima. Wiki inayofuata, kabla ya kuwasha redio, wanaulizana choo kimefika urefu gani. Nilisikia hadithi hiyo tangu utotoni na sikuihusisha na chama hata siku moja, mpaka mama wa viazi aliponifungulisha daftari.

Sasa yale ya kawaida, kwa kifupi.

Ondoa meza kuu. Panga viti duara, kiongozi akae katikati ya watu, na mgeni wa mkoani akifika apewe kiti kama wengine. Kuna wakubwa watakaonuna. Waeleze mapema kwa simu, wasije wakashtukia ukumbini.

Saa ichagueni na akina mama. Sisi tumetulia na Jumamosi saa tisa alasiri, tunamaliza saa kumi na moja na nusu, mkutano umekolea au haujakolea. Juni na Julai baridi ya Mbeya haina mzaha, ukichelewesha tu watu wanaanza kusimama mmoja mmoja. Mvua zikianza kuelekea Desemba usitegemee mkulima. Yuko shambani, na ana haki ya kuwa huko. Kipindi hicho tunakwenda sisi Uyole au vijijini, watu watano sita, tunakaa barazani kwa mtu.

Posho. Najua hapa ndipo matawi mengi yanapokwama. Watu wamezoeshwa kwamba kikao kina nauli, na ukisema huna wanadhani umeila. Sisi hatutoi kabisa, na tunalisema tunapoalika. Tunatoa chai na magimbi au viazi vitamu, na gharama yake tunaitangaza pale pale, kisha kikapu kinapita kwa anayeweza. Mwezi wa kwanza tulipoacha posho walipungua sana. Waliobaki ndio waliokuja kuleta wengine.

Kuhusu picha nina jeraha. Niliwahi kurusha kwenye kundi la WhatsApp picha ya baraza bila kuomba ruhusa. Kijana mmoja fundi cherehani alionekana vizuri usoni, na mwenye fremu anayokodi hakupendezwa. Hakufukuzwa, lakini aliogopa, na hakurudi tena. Nilimfuata nikamwomba radhi, akanipokea vizuri, akasema tu ana watoto. Tangu hapo tunapiga picha ya daftari na vikombe vya chai, nyuso hapana, labda mtu aombe mwenyewe.

Wa vyama vingine waje, na wasitafutiwe sababu. Kwetu alikuja balozi wa nyumba kumi, wa chama tawala kabisa, akakaa nyuma akinyamaza vikao viwili. Vijana wetu wakadhani ametumwa. Inawezekana alitumwa. Kikao cha tatu akauliza kwa nini bomba la mtaani linatoka usiku wa manane tu, na swali likaandikwa kama mengine na kufuatiliwa kama mengine. Kwa sababu hiyo pia usiwavalishe watu sare wala kofia kwenye baraza. Sare ina siku yake. Na kwa upande wa taarifa, sheria inataka polisi wajulishwe saa 48 kabla ya mkutano wa hadhara. Baraza la ndani si mkutano wa hadhara, lakini mimi humwandikia mwenyekiti wa mtaa barua fupi na kubaki na nakala yenye sahihi yake. Imetuokoa mara mbili.

Jambo la mwisho ni lugha. Usije na "itikadi" wala "uchumi jumuishi". Njoo na swali moja ambalo mtu ameliishi wiki hiyo. Kikundi cha bodaboda kiliwahi kutuuliza asilimia 10 ya mapato ya halmashauri inayokopeshwa vikundi bila riba inagawanywaje, na wao wanaingilia mlango upi. Asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana, 2 ya watu wenye ulemavu. Hayo tuliyasema kwa dakika moja. Saa nzima iliyobaki tuliitumia kuandika katiba ya kikundi chao, kipengele kwa kipengele, juu ya meza ya mgahawa.

Mama wa viazi hajachukua kadi ya chama mpaka leo, na hatujamwomba. Miaka mitatu sasa daftari anatunza yeye, amelifunika kwa gazeti na nailoni lisilowe njiani, na kila Jumamosi ya baraza anafika saa tisa kasorobo, anavaa miwani, anasubiri watu wakae.