Malengelenge yasiyokoma kwa mtoto

SWALI: Shikamoo Daktari. Mwanangu ana miaka minne. Tangu wiki aliyozaliwa hutokwa na malengelenge viganjani, magotini na visiginoni, na sasa kucha mbili za mguuni zimeng'oka zenyewe. Zahanati moja ilisema ni fangasi. Nyingine ikasema ni mafuta ya ganda la korosho, kwa kuwa sisi hubangua nyumbani. Jirani anadhani tunamchoma. Je, ni ugonjwa gani, na unaambukiza?
Mama Y., Newala

JIBU: Marahaba, mama. Kwa Mtwara dhana ya korosho si ya kupuuzwa, kwani mafuta ya ganda lake huunguza ngozi, na wabanguaji wengi huishia na vidole vilivyobabuka. Lakini mafuta hayo humdhuru anayeyagusa, naye akiacha kuyagusa hupona. Mtoto wa wiki moja hajabangua korosho. Malengelenge yaliyoanza mapema hivyo, na yanayorudi pale ngozi inaposuguliwa, yananifanya nishuku epidemolisisi bulosa, maradhi adimu ya kurithi ambamo protini zinazoshikanisha tabaka za ngozi zina kasoro, hata msuguano wa kandambili ukatosha kuzitenganisha. Hayaambukizi. Mzazi pia anaweza kubeba kasoro hiyo bila alama yoyote mwilini, kwa hiyo msilaumiane.

Ugumu wa kuyatambua ni kwamba lengelenge likishapasuka, kidonda hufanana na cha moto au cha bakteria, na mhudumu ambaye hajawahi kuyaona maradhi haya hutibu kidonda cha siku hiyo tu. Kipimo nacho kina masharti: kipande cha ngozi hukatwa penye lengelenge jipya, na kwa baadhi ya uchunguzi hakifai kutiwa kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhia vipande vya mwili iliyozoeleka maabara. Kipimo cha jeni hubainisha aina yake, ila ni ghali.

Anzia Hospitali ya Ligula, Mtwara mjini, uombe rufaa kwa bingwa wa ngozi. Katika hospitali ya rufaa ya KCMC, Moshi, kuna kituo kinachofundisha mabingwa hao. Nenda na kadi ya kliniki na picha za simu za siku za mwanzo, hata zenye giza, maana hizo ndizo zitakazoonyesha yalianza lini na wapi.

Kwa sasa, lengelenge kubwa litoboe pembeni kwa sindano mpya safi, maji yatoke, uiache ngozi ya juu. Plasta inayonata usiibandike kabisa. Usimnyanyue kwa makwapa. Mshike makalio na mgongo. Kidonda kikinuka, au akipata homa au akashindwa kumeza, usisubiri rufaa: mpeleke hospitali siku hiyohiyo.