Usilipie pagale la Chanika kabla hujaihesabu jioni yako

Mdogo wangu, usilipe hizo fedha Jumamosi. Umeandika kwamba una miaka 29, unafanya kazi dukani Kariakoo, umepanga chumba na sebule Magomeni, na kwamba kwa kuwa huoni furaha katika maisha yako umeamua kununua pagale, yaani nyumba isiyomalizika, Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, uhamie humo hivyo hivyo lilivyo, uache kwaya kwa sababu mazoezi ya Jumatano na Ijumaa yatakuwa mbali, ujibane miaka mitano, kisha ndipo uanze kuishi. Nimesoma majibu ya waliotangulia wakikupongeza kwa uthubutu, nikashindwa kunyamaza, kwa sababu njia hiyo niliipita mwenyewe, kituo kwa kituo, kuanzia 2015 hadi 2019.

Nilikuwa karani katika ofisi moja ya Posta, nikiishi na mke wangu na binti yetu katika vyumba viwili vya kupanga Magomeni Mapipa, nusu saa kutoka kazini. Saa 12 jioni nilikuwa nimeshafika, nimenawa, nimekaa kwenye benchi la mzee mmoja aliyeuza kahawa na kashata pale kona, nikibishana na majirani kuhusu Simba na Yanga huku binti yangu akicheza na wenzake mbele ya macho yangu. Baada ya hapo tulikula pamoja uani, na mara nyingi sahani ya jirani ilikuja kwetu na yetu ikaenda kwake. Ukiniuliza wakati ule kama nilikuwa na furaha, ningekujibu kwamba sina, kwa sababu nilikuwa mpangaji, na nilikuwa nimeshafundishwa kwamba mpangaji hawezi kuwa na furaha ya kweli.

Aliyenifundisha hivyo alikuwa mhamasishaji mmoja aliyekodi ukumbi, akatutoza kiingilio, akatuambia kwa sauti ya kutetemesha kuta kwamba anayepanga ni mtumwa, na kwamba raha zote za sasa hazina budi kuahirishwa hadi siku ya mafanikio. Hakutuuliza hata mmoja wetu jioni zetu zilikuwaje. Bado namlaumu, wala sioni haya kusema hivyo, kwa maana alichukua fedha za watu wenye mishahara midogo akawauzia dharau dhidi ya maisha waliyokuwa nayo tayari. Yeye mwenyewe aliondoka pale ukumbini kwa gari lake, nasi tukaenda kugombania daladala tukiwa na deni ambalo hatukuwa nalo asubuhi: deni la kujiona hatujaanza kuishi.

Wa pili alikuwa dalali. Alinipeleka Chanika siku ya Jumapili, saa 1 asubuhi, kwa gari dogo, barabara ikiwa nyeupe, akaniambia kwamba kutoka pale hadi mjini ni dakika 40 tu, na mimi nikaona kwa macho yangu mwenyewe kwamba ni kweli. Nilichukua mkopo wa mshahara wa miaka sita, nikanunua kiwanja chenye boma lililoishia kwenye linta, nikaezeka vyumba viwili, tukahamia bila umeme, bila plasta, maji yakiletwa na boza.

Sasa nisikilize kuhusu siku ya kazi, kwa maana hapa ndipo nilipopoteza zaidi ya fedha. Niliamka saa 10 alfajiri. Saa 11 nilikuwa nimetoka, nikafika ofisini saa 1, nikiwa nimesimama sehemu kubwa ya safari, Pugu, Gongo la Mboto, Ukonga, kisha foleni ya Tazara ambayo kila aliyepita pale kabla ya Daraja la Mfugale kufunguliwa Septemba 2018 anaikumbuka. Jioni nilitoka kazini saa 11 na nusu, na kwa kuwa magari yalikuwa yamejaa nililazimika kupanda yanayorudi mjini na kugeuza nayo, nikilipa nauli mara mbili ili nipate kiti, nikafika nyumbani saa 2 na nusu usiku. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza Mei 2016 yalikuwa ya Barabara ya Morogoro, wakafaidika watu wa Kimara na Ubungo, sisi wa njia ya Pugu tukabaki na foleni yetu.

Chukua kalamu uhesabu pamoja nami. Saa 5 kwa siku, siku 5 kwa wiki, wiki 48 kwa mwaka, ni saa 1,200, yaani siku 50 kamili, mchana na usiku, ndani ya daladala au kituoni. Nilipokuwa Magomeni zilikuwa siku 10. Tofauti yake ni siku 40 kila mwaka, na kwa miaka minne ni siku 160 za uhai wangu ambazo sikumpa mke wangu, sikumpa mtoto, sikumpa rafiki, wala sikupumzika nazo. Mkopo nimeshaumaliza. Siku hizo hakuna benki ya kunirudishia.

Jumapili moja mwaka 2018, tukiwa tumekaa nje, binti yangu ambaye wakati huo alikuwa na miaka sita aliuangalia mfuko mtupu wa saruji tuliokuwa tumeutandika mlangoni, akasoma polepole, kwa sauti: "Sa-ru-ji. Ki-lo ha-m-si-ni." Nilishtuka, nikamuuliza mama yake mtoto ameanza lini kusoma. Akaniambia, "Baba, huyu anasoma tangu mwezi wa tatu, kila jioni hunisomea hapa." Hakusema kwa kunilaumu, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Ada ya shule nililipa mimi, madaftari nilinunua mimi, lakini jioni ile ambayo herufi zilimfungukia mtoto wangu kwa mara ya kwanza nilikuwa nimening'inia kwenye bomba la daladala mahali fulani kati ya Buguruni na Ukonga. Yule mzee wa kahawa naye alifariki mwaka huohuo. Alizikwa alasiri, nami taarifa ilinifikia usiku nikiwa Gongo la Mboto, nikashindwa hata kuhudhuria kisomo, mimi niliyekunywa kahawa yake kwa miaka saba.

Baadaye nilianza kusoma kuhusu jambo hili, nikitaka kujua kama ni udhaifu wangu peke yangu. Mwaka 2004 mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake walichapisha utafiti juu ya wanawake 909 wenye ajira katika jimbo la Texas, Marekani, waliotakiwa kuikumbuka siku yao ya jana kipande kwa kipande na kueleza walivyojisikia katika kila kipande. Safari ya asubuhi kwenda kazini ilikuwa chini kabisa, na kukaa na watu baada ya kazi kulikuwa karibu na kilele. Wachumi wawili kutoka Uswisi, Alois Stutzer na Bruno Frey, walichambua takwimu za Ujerumani wakakuta kwamba wenye safari ndefu za kazini hawakuridhika na maisha yao kama wenye safari fupi, ingawa nadharia ilitarajia kwamba mshahara mzuri au nyumba nzuri zaidi ingewafidia. Huko barabara zina lami safi na treni zipo. Sasa fikiria Chanika wakati wa masika.

Kinachotudanganya ni kwamba nyumba tunaizoea. Miezi mitatu baada ya kuhamia sikuliona tena bati langu, niliona ufa wa ukutani. Lakini foleni haizoeleki, kwa maana kila siku inakuja na sura nyingine: leo mvua, kesho gari limeharibika Pugu, keshokutwa kondakta ameshusha watu njiani. Kwa hiyo unanunua kitu utakachokizoea upesi na kukilipia kwa kitu ambacho hutakizoea kamwe.

Kanuni yangu ni moja, na ninaishikilia kwa nguvu zote: usikubali badiliko lolote la maisha, hata liwe zuri kiasi gani machoni pa watu, kabla hujajua litaifanya nini jioni yako ya siku ya kazi, kuanzia saa 12 hadi saa 3. Uliza utakuwa wapi saa hizo, umekaa na nani, umechoka kiasi gani. Kama jibu ni kwamba utakuwa kituoni peke yako, basi bei uliyotajiwa na dalali siyo bei kamili.

Mwaka 2019 tulimpangisha mtu ile nyumba, kwa kodi ndogo kuliko tuliyotarajia, tukarudi kupanga vyumba viwili Ilala. Ndugu zangu walisema nimerudi nyuma. Mwenye nyumba wetu anadai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, ameshapandisha mara mbili, na kuna mwezi ambao hesabu hazikutosha kabisa. Siwezi kukuambia kwamba kupanga ni raha. Ninachoweza kukuambia ni kwamba saa 12 na robo niko nyumbani, binti yangu anafanya hesabu zake pembeni yangu, na mke wangu amenizoea upya kiasi cha kunisimulia mambo madogo ya siku yake, ambayo kwa miaka minne alikuwa ameacha kunisimulia kwa sababu nilikuwa nasinzia.

Sasa kuhusu kwaya. Umeitaja kama gharama ya kupunguza, kwenye sentensi moja na nauli. Lakini katika maelezo yako yote marefu, mahali pekee ulipoandika kwamba ulicheka ni pale mlipokosea sauti ya pili Ijumaa iliyopita mkaanza upya mara nne. Nimelisoma aya hilo mara tatu. Ukiiacha kwaya ili uende kutafuta furaha, utaitafuta wapi?

Kiwanja unaweza kununua, sikukatazi, kinunue na ukiache kama akiba huku ukiendelea kuishi Magomeni. Kuhamia ndiko ninakokukataza. Na kama huniamini, Jumapili hii omba ulale kwa mtu yeyote unayemfahamu Chanika. Jumatatu saa 11 alfajiri simama kituoni, nenda kazini kwa daladala, fanya kazi siku nzima kama kawaida, kisha jioni rudi Chanika kwa daladala hiyohiyo. Andika saa uliyotoka na saa uliyofika, kwenda na kurudi, uje uziandike hapa kabla hujampa yule dalali hata shilingi moja.