Watu wa Wa, Mizimu Yao na Injili: Majibu kwa Wasomaji

Tangu tulipogusia umisheni wa Wabaptisti katika milima ya Burma (Myanmar ya leo), wasomaji kadhaa wameuliza kuhusu kabila la Wa. Nimechagua maswali yanayogusa historia, imani za jadi na Ukristo wao.

Wa ni watu gani, na nchi yao iko wapi?

Ni watu wa milimani wanaoishi hasa kati ya mito ya Salween na Mekong, pande zote mbili za mpaka wa China na Myanmar. Upande wa China ni zaidi ya 400,000, wengi wao katika wilaya za Cangyuan na Ximeng mkoani Yunnan. Upande wa Myanmar wako katika Jimbo la Shan. Lugha yao ina undugu na Kikhmer cha Kambodia, wala haitokani na Kichina au Kiburma. Mpaka huo ulibishaniwa na Waingereza na Wachina kwa miongo mingi, ukaja kukamilishwa kwa mkataba wa mwaka 1960, na kabla ya hapo hakuna dola iliyowatawala kikamilifu Wa wa kati.

Je, ni kweli kwamba walikuwa wakikata vichwa vya watu?

Ni kweli, ingawa si vijiji vyote vilivyofanya hivyo. Kichwa kilitafutwa hasa kabla ya msimu wa kupanda, kwa kuwa iliaminika kwamba bila sadaka hiyo mpunga usingestawi. Kilipokelewa kwa ngoma na matambiko, na hatimaye fuvu liliwekwa juu ya nguzo nje ya kijiji. Maofisa wa Kiingereza waliandika mengi juu ya mafuvu hayo, wakawagawa watu hawa katika makundi mawili, Wa wakali na Wa wapole, mgawanyo ambao kwa maoni yangu ulipima zaidi umbali wao na serikali kuliko tabia zao. Upande wa China desturi hiyo ilikomeshwa mwishoni mwa miaka ya 1950.

Waliamini nini kabla ya kufikiwa na wamisionari?

Masimulizi yao ya asili huitwa Sigangli. Wengine husema wanadamu walitoka ndani ya pango, wengine husema ndani ya kibuyu, lakini wote hukubaliana kwamba Wa walitangulia kutoka na makabila jirani yakafuata, hivyo wao ndio kaka wakubwa. Yupo muumba, lakini shughuli za kila siku zilihusu mizimu ya milima, maji, nyumba na mazao, ambayo ilitulizwa kwa kuku, nguruwe na, katika mambo mazito, nyati au ng'ombe. Ramli ilipigwa kwa mifupa ya mapaja ya kuku: mtaalamu alichomeka vijiti vyembamba vya mianzi katika vitundu vya mfupa, akasoma mwelekeo wa vijiti hivyo. Kitovu cha ibada ya kijiji kilikuwa ngoma kubwa iliyochongwa kutokana na gogo zima, ambalo wanakijiji walilivuta pamoja kutoka msituni. Tusisahau pia kwamba baadhi ya Wa, hasa walioishi karibu na majirani zao Washan, walikuwa Wabudha.

Nimesikia kwamba farasi mweupe ndiye aliyewaongoza kwa mmisionari. Ni kweli?

Kisa hicho hupendwa sana mimbarani. Husimuliwa kwamba nabii wa Kiwa, Pu Chan, aliwakataza watu kukata vichwa, akatandika farasi mweupe na kuwaagiza wanafunzi wake wamfuate, naye akawafikisha Kengtung, mji wa Jimbo la Shan, kwa William Marcus Young, Mbaptisti kutoka Marekani. Mimi hukisoma kama ushuhuda wa waumini, wala sitaiegemeza historia nzima juu yake.

Lililo wazi ni kwamba Young alianza kazi Kengtung mwanzoni mwa karne ya 20, na kuanzia mwaka 1904 Walahu, majirani wa Wa, walimjia kwa wingi, kwani watabiri wao walikuwa wamewaandaa kumpokea mgeni mwenye kitabu cha Mungu. Wa nao walikuwa na simulizi kwamba zamani walipewa maandishi juu ya ngozi, wakaila ngozi hiyo kwa njaa. Mtu aliyekulia katika simulizi kama hiyo hamwoni mleta kitabu kuwa analeta jambo geni kabisa. Maelfu walibatizwa katika miaka michache, kwa kasi iliyowafanya wamisionari wenzake wamlaumu kwamba anabatiza watu wasiofundishwa vya kutosha. Lawama hiyo naiona ya haki kwa sehemu, ila waliowafundisha waumini hao vijijini walikuwa hasa wainjilisti wa Kikaren (kabila jingine la Burma) na wa Kilahu, ambao majina yao hutajwa kwa nadra. Baadaye Young alihamia Banna, huko Lancang, Yunnan, karibu zaidi na Wa wenyewe.

Je, wana Maandiko kwa lugha yao?

Ndiyo. Vincent, mwana wa Young, pamoja na wasaidizi wenyeji, aliunda maandishi ya Kiwa kwa herufi za Kilatini, na Agano Jipya likatolewa mwaka 1938. Serikali ya China ilitengeneza mfumo mwingine katika miaka ya 1950.

Hali ya makanisa yao leo ikoje?

Ni ngumu kutabirika. Chama cha Kikomunisti cha Burma, kilichoitawala sehemu kubwa ya nchi ya Wa nchini Burma, kilibana dini hadi mwaka 1989, wanajeshi wa Kiwa walipoasi na kuunda jeshi lao wenyewe, ambalo linatawala kutoka mji wa Panghsang hadi sasa. Septemba 2018 jeshi hilo liliwakamata wachungaji na waumini wengi, likafunga makanisa na kubomoa baadhi, likidai kwamba yaliyojengwa baada ya mwaka 1992 hayakuwa halali. Waliokamatwa waliachiliwa, na mwishoni mwa 2019 baadhi ya makanisa yaliruhusiwa kufunguliwa tena.