Re: Dozi ya kwanza ipunguzwe figo zikisumbua?
Mkuu, umeuliza kama mgonjwa wa ICU mwenye usaha tumboni baada ya upasuaji apunguziwe meropenemu, antibiotiki ya mshipani, tangu mwanzo kwa kuwa kreatinini (taka ya damu inayopanda figo zikidhoofika) imepanda. Dozi ya kwanza usiiguse, mpe gramu 1 kamili. Maji mengi ya dripu na mishipa inayovuja huitawanya dawa mwilini. Ukipunguza, kinachobaki kwenye damu ni kiduchu, tena saa zile zile anapozidiwa. Figo zinahusu dozi zinazofuata, na hizo pitisheni kwa saa 3 badala ya dakika 30, maana dawa hii huua kwa kukaa muda mrefu juu ya kiwango kinachozuia bakteria, wala si kwa kupanda sana. Kreatinini ipimwe kila siku. Figo zikirudi, dozi nayo irudi. Na usaha utolewe jamani!