Kimbunga kimepita, umeme haujarudi: jinsi ya kuilinda familia siku hizo

Kimbunga Beryl kilipotua pwani ya Texas alfajiri ya tarehe 8 Julai 2024 kilikuwa cha daraja la 1 tu, la chini kabisa katika madaraja 5. Upepo ulitulia siku hiyo hiyo. Hata hivyo, ndani ya Houston na vitongoji vyake wateja zaidi ya milioni 2 walikatikiwa umeme, na wengine walikaa zaidi ya wiki bila umeme katikati ya joto la Julai. Miongoni mwa waliofariki wapo waliozidiwa na joto ndani ya nyumba zao, na wapo waliouawa na moshi wa jenereta.

Houston kuna familia nyingi zinazozungumza Kiswahili, za Wakongo, Wakenya, Watanzania na Warundi. Kukatika kwa umeme si jambo geni kwetu, na hapo ndipo hatari ilipo. Nyumba za huku zimejengwa kwa kutegemea kiyoyozi. Madirisha ni machache, mengine hayafunguki kabisa, na kuta zimezibwa ili hewa isipite. Mazoea ya jiko la mkaa barazani na jenereta kando ya mlango, yanayoonekana hayana madhara kwenye nyumba yenye matundu ya hewa juu ya ukuta, huku yanaweza kuimaliza familia nzima usingizini.

Moshi usioonekana

Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu. Jenereta moja ndogo ya petroli hutoa gesi hiyo kwa kiasi cha magari mamia. Iweke nje, umbali usiopungua mita 6 kutoka kwenye nyumba, na ekzosi yake iangalie upande usio na mlango wala dirisha, wako au wa jirani. Ndani ya gereji haifai hata mlango ukiwa wazi, kwa sababu gesi hupenya kupitia mlango wa ndani na dari hadi vyumbani. Kwenye roshani ya ghorofa haifai pia: ukiiwasha ghorofa ya pili, anayeumia ni aliyelala ghorofa ya tatu.

Mkaa unahitaji neno la ziada, maana sisi ndio wenye kuutumia. Mtu huwasha jiko nje, husubiri moshi uishe na makaa yawe mekundu, kisha huliingiza ndani akiamini limekuwa salama. Kilichoisha ni ule moshi unaoonekana. Makaa mekundu yanayong'aa bila moshi yanaendelea kutoa kaboni monoksaidi, na hata yakifunikwa jivu bado yanatoa. Pika nje, na jiko lilale nje.

Nunua king'ora cha kaboni monoksaidi chenye betri, ukiweke karibu na vyumba vya kulala. Vile vya kuchomeka ukutani visivyo na betri ya akiba hunyamaza umeme ukikatika, yaani wakati ule ule unapovihitaji. Dalili za sumu hii ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na mwili kulegea, na wengi hudhani ni joto au homa. Kinachoitofautisha ni kwamba watu kadhaa huumwa kwa pamoja, na wakitoka nje hupata nafuu. Ukiona hivyo, toeni kila mtu nje kwanza, kisha pigeni 911, namba ya dharura, mkitaja wazi kwamba kuna jenereta au jiko la mkaa. Msirudi ndani kuzima chochote.

Jenereta ya kiasi gani

Familia nyingi hununua kubwa kuliko zinavyohitaji, kisha hushindwa kuilisha. Friji ya kawaida ikishakaa sawa hutumia wati 150 hadi 200, ila kompresa inapowaka huvuta mara kadhaa ya hizo kwa muda mfupi. Kiyoyozi kidogo cha dirishani hutumia wati 500 hivi. Jenereta ya wati 2,000 ya aina ya inveta huweza kubeba friji, feni mbili, taa na simu, na kwa kupokezana hubeba kiyoyozi kidogo cha chumba kimoja. Kiyoyozi kikuu cha nyumba kisahau. Jenereta ya wati 5,000 ikibeba nusu ya mzigo wake hula zaidi ya nusu galoni kwa saa, karibu galoni 12 au zaidi kwa siku, na vituo vya mafuta navyo pampu zake zinaendeshwa kwa umeme. Jaza madumu kabla kimbunga hakijafika. Weka na pesa taslimu, kwa sababu mashine za kadi huzimika pia.

Waya wa kuunganishia huharibu vitu vingi kuliko jenereta yenyewe. Unene wa nyaya za Marekani husomwa kinyume: namba ikipungua, waya unaongezeka unene. Kwa friji iliyo mita 15 au zaidi kutoka kwenye jenereta, tafuta waya wa namba 12 uliotengenezwa kwa matumizi ya nje. Waya mwembamba wa namba 16, ule wa taa za sikukuu, hupata moto na kupunguza volti. Utasikia friji ikivuma bila kuwaka: hiyo ni kompresa inayojaribu kuanza na kushindwa, na ikiendelea hivyo itaungua. Shika waya baada ya dakika 15 za kazi. Ukiwa wa moto mkononi, uondoe. Usiuviringishe wala usiupitishe chini ya zulia.

Kamwe usichomeke jenereta kwenye soketi ya ukutani ili iwashe nyumba nzima. Umeme utatoka kupitia mita hadi kwenye transfoma ya mtaani, na transfoma itafanya kazi kinyumenyume: volti 240 zinakuwa maelfu ya volti kwenye waya ambao fundi anaushika akijua umezimwa. Anayetaka kuilisha nyumba kupitia swichi kuu amwite fundi umeme mwenye leseni afunge swichi ya kubadilishia, mapema, kabla msimu wa vimbunga haujaanza tarehe 1 Juni.

Kabla ya kuongeza mafuta, zima na uache mashine ipoe angalau dakika 15. Petroli ikidondokea ekzosi ya moto inawaka papo hapo. Kila unapoongeza mafuta, pima na oili. Jenereta mpya huhitaji kubadilishiwa oili baada ya saa 20 hivi za kwanza, ambazo kwa matumizi ya mchana na usiku huisha siku ya kwanza. Ikizimika yenyewe huku tangi limejaa, angalia oili kabla hujaita fundi: nyingi zina kifaa kinachoizima oili ikipungua.

Friji, friza na jinsi ya kuamua

Friji isipofunguliwa hutunza ubaridi saa 4. Friza iliyojaa hutunza saa 48, iliyojaa nusu saa 24. Kwa hiyo tangazo la kimbunga likitoka, jaza nafasi tupu za friza kwa chupa za maji, ukiacha nafasi kidogo juu ya kila chupa maana barafu hutanuka. Maji hayo yatalinda nyama kwanza, kisha mtayanywa.

Gandisha pia glasi ya maji, uweke sarafu juu ya barafu, na uiache ndani ya friza. Mkihama kwa siku tatu na mkirudi mkute sarafu ipo juu, friza haikuyeyuka. Ikiwa chini ya glasi, barafu iliyeyuka ikaganda tena umeme uliporudi, na nyama ile inayoonekana ngumu na nzima ilishapita kwenye joto. Itupe.

Kwa friji tumia kipimajoto. Mpaka ni nyuzi 4 za Selsiasi, au 40 za Farenhaiti. Nyama, samaki, maziwa, mayai, wali, maharage yaliyopikwa na mchuzi vikipita hapo kwa zaidi ya saa 2 vitupwe, hata kama havinuki. Kuchemsha upya hakutoshi, kwa sababu baadhi ya bakteria huacha sumu isiyoharibika kwa moto. Wali ndio unaodanganya wengi kwa kuwa hauonyeshi kuharibika. Siagi, jibini ngumu, matunda mazima, jamu na siagi ya karanga havina shida. Nyama ya friza yenye chembe za barafu bado inaweza kugandishwa tena. Piga picha za kila unachotupa kabla ya kukitupa.

Dawa

Insulini iliyofunguliwa, kwa aina nyingi, huvumilia joto la chumba lisilozidi nyuzi 30 kwa takriban siku 28. Chumba cha Houston kisicho na kiyoyozi mwezi Julai hupita hapo kabla ya saa sita mchana. Ujanja wa mtungi wa udongo na kitambaa kibichi unaofanya kazi kwenye nchi zenye hewa kavu hausaidii sana huku, kwa kuwa hewa ina unyevu mwingi na maji hayavukizi haraka. Tumia kasha la barafu, ila funga insulini kwa taulo isigusane na barafu. Ikiganda imekufa, hata ikiyeyuka tena. Mwenye mashine ya oksijeni aombe mtungi wa akiba mapema kwa wanaomhudumia.

Maji

Hesabu galoni 1, karibu lita 4, kwa mtu kwa siku, kwa kunywa na kupikia. Jaza na bafu kwa ajili ya choo: choo kimoja humeza lita 6 hivi kila kinapomwagwa.

Ikitangazwa kuchemsha maji, yaache yatokote kwa dakika 1 kamili. Kama hamna moto, tumia ile dawa ya klorini isiyo na manukato ambayo Dar na Nairobi huitwa jiki na Bukavu huitwa javeli. Soma nguvu yake kwenye chupa, maana ya huku mara nyingi ni kali kuliko ya nyumbani. Ya asilimia 5 hadi 6, matone 8 kwa galoni. Ya asilimia 8.25, matone 6. Maji yakiwa na ukungu yachuje kwa kitambaa safi kisha ongeza matone mara mbili. Koroga, subiri dakika 30, unuse. Harufu hafifu ya klorini isipokuwepo, rudia kipimo na usubiri tena dakika 15. Maji ya mafuriko yaliyochanganyika na mafuta au kemikali hayasafishiki kwa moto wala klorini.

Tangi la maji ya moto lina lita 150 hivi ambazo wengi husahau. Kwanza zima swichi yake au gesi, kwa sababu umeme ukirudi tangi likiwa tupu, waya wa kuchemshia huungua. Funga vali ya maji yaingiayo, liache lipoe, fungua bomba la maji ya moto ili hewa ipite, kisha kinga maji kwenye koki ya chini.

Joto la ndani

Hamieni wote chumba kimoja cha ghorofa ya chini, upande usiopigwa na jua la alasiri. Fungeni mapazia mchana, fungueni madirisha yanayoelekeana usiku. Feni husaidia mpaka joto la chumba lifike nyuzi 35 hivi. Kuanzia hapo inawapulizia hewa yenye joto kuliko ngozi, na itafaa tu kama ngozi au shati limeloweshwa. Lowesha shati la pamba, ulikamue, ulivae, ukae mbele ya feni.

Wazee hawahisi kiu ipasavyo, kwa hiyo usimuulize bibi kama ana kiu. Mpelekee maji kila saa, umuone akinywa, isipokuwa kama daktari amempangia kiasi. Mtu akianza kuongea ovyo, kuchanganyikiwa au kuzimia huku ngozi ikiwaka, piga 911, mlaze, mmwagie maji, weka barafu shingoni, kwapani na kwenye kinena. Usimnyweshe asiyejitambua. Kabla mambo hayajafika huko, piga 211, laini ya taarifa za misaada ambayo Texas hutoa mkalimani ukiomba wa Kiswahili, uulize kituo cha kupoza mwili kilicho karibu.

Makaratasi

Tunzeni risiti zote na picha zenye tarehe. Familia inayopokea msaada wa chakula wa SNAP huweza kuomba kurudishiwa thamani ya chakula kilichoharibika, na kwa kawaida muda ni siku 10. Msaada wa FEMA, shirika la serikali ya Marekani la kushughulikia majanga, huombwa baada ya eneo lenu kutangazwa rasmi kuwa la maafa, kwa namba 1-800-621-3362, na wakalimani wapo. FEMA haitozi pesa kwa kuomba wala kwa kukagua nyumba. Anayedai malipo ni tapeli.

Kwa nini jirani anao na wewe huna

Mafundi hurekebisha njia kuu na vituo vya kupozea umeme kwanza, kisha nyaya zinazohudumia mitaa mingi, mwisho waya wa nyumba mojamoja. Nyumba mbili zilizopakana zinaweza kuwa kwenye njia tofauti. Lakini kabla ya kulalamika, tazama ukutani au juu ya paa, pale waya wa mtaani unapoingia nyumbani. Bomba lile na kichwa chake, na mara nyingi hata kasha la mita, ni mali ya mwenye nyumba. Vikiwa vimepinda au kung'oka, kampuni ya umeme haitaunganisha mpaka fundi mwenye leseni avitengeneze, na ukikaa kusubiri utasubiri wiki nzima bure. Mpangaji apige picha akiwa mbali amtumie mwenye nyumba siku hiyo hiyo. Waya ulioanguka uchukulie una umeme na ukae angalau mita 10 mbali nao, watoto pia.

Wakati wa kusubiri, zima swichi za kiyoyozi, jiko na tangi la maji kwenye kasha la swichi, chomoa friji na televisheni, uache taa moja tu. Umeme hurudi kwa kurukaruka, na mtaa mzima ukivuta kwa mpigo huenda ukakatika tena. Taa ikikaa imara kwa dakika 10, anza na friji, kisha tangi la maji, mwisho kiyoyozi.