Bibi Shamba Anajibu: Kompyuta yasema mapolo 20, nimevuna 11

SWALI: Asalaam aleikum, Bibi Shamba. Mwanangu anasomea kilimo. Masika iliyopita aliliingiza bonde langu la hapa Wete kwenye programu ya kompyuta, ikasema nitapata mapolo 20 ya mpunga. Nimepata 11. Sasa anabadilisha namba humo ndani mpaka zitoke 11, anasema anairekebisha modeli, yaani hesabu za programu hiyo. Huko ndiko kurekebisha?
– Mkulima, Wete

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Siko. Mwambie aache leo hii. Akiilazimisha itoe 11 itapatia msimu huo mmoja, masika ijayo itapotea tena, na hatajua ilipopotelea.

Mavuno ni ya kuangaliwa mwisho. Kwanza mwulize: programu ilisema mpunga utachanua lini, nawe uliuona ukichanua lini? Modeli hizi huhesabu umri wa mmea kwa joto. Ile iitwayo ORYZA, ya taasisi ya utafiti wa mpunga iliyoko Ufilipino, huanza kuhesabu juu ya nyuzi 8: siku yenye wastani wa nyuzi 27 inaupa mpunga nyuzi 19, kesho zinajumlishwa nyingine, hesabu ikitimia unachanua. Kila mbegu ina hesabu yake. Kijana akiwa ametumia mbegu ya muda mfupi, nawe umepanda Supa inayokaa sana shambani, basi yote yaliyofuata yamekwenda mrama.

Halafu kuna chumvi. Mabonde mengi ya Pemba yamepakana na mikoko, na bamvua likija kubwa maji ya pwani hupanda. Nilipokuwa kazini niliingia bonde moja la namna hiyo, kwa mbali mpunga umependeza. Nikashika suke, nikaliminya punje moja moja kwa kidole gumba. Mapepe. Suke zima lilikuwa na punje 9 zilizojaa. Modeli iliyopewa mvua na joto peke yake ingelihesabu suke lile kuwa chakula, na hili linaniuma, maana mwenye bonde alikuwa mjane.

Kwa hiyo mnunulie daftari. Aandike siku ya kuatika, siku ya kupandikiza, mpunga ulipobeba mimba, ulipochanua. Mvua aipime hapo hapo bondeni. Wakati wa kuvuna akate mita moja ya mraba mahali patatu, ahesabu masuke na mapepe. Data za msimu mmoja atumie kurekebishia, za msimu mwingine asiipe programu, azifiche ajipimie nazo. Asiitegemee pia programu moja: mwaka 2015 watafiti walichapisha matokeo ya modeli 13 za mpunga, zilizojaribiwa kwa data za mashamba ya Asia, ya Ludhiana huko India na Shizukuishi huko Japani yakiwemo. Hakuna hata moja iliyopatia kila mahali, lakini wastani wa zote ulikaribia ukweli.

Akihamia kwenye majani ya malisho, akumbuke ng'ombe wetu ni wa kamba. Hula duara likabaki jeupe, na hatua mbili pembeni majani yanafika magotini. Programu inayodhani wanakula sawasawa kote itamdanganya.

Tarehe ya kuchanua kama umeisahau, kawaulize waliokuwa wakiamia ndege. Wao wanajua masuke yalitoka lini.