Picha zangu za infraredi: wengine "kali", wengine "si halisi". Nimsikilize nani?

SWALI: Habari mtaalamu. Napiga picha za mandhari, na sasa nimeingia kwenye infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) kwa kamera iliyoondolewa kichujio cha ndani kinachozuia mwanga huo na kuwekewa kinachopitisha mawimbi kuanzia karibu nanomita 720. Nikiwaonyesha wapiga picha wenzangu, baadhi husema "kali sana" na wengine husema anga ni jeusi mno na miti haina uhalisia. Sipati cha kufanyia kazi. Nami nikiombwa maoni juu ya picha zao, naishia kusema nimeipenda. Tuulizane vipi, na tujibizane vipi, ili maoni yawe na faida?

JIBU: Ndugu yangu, wenzako wanapima picha yako kwa kumbukumbu ya macho yao. Mtu akitazama picha ya kawaida ya mlima, anajua majani na anga huwaje, kwa hiyo hata asiye mpiga picha anaweza kugundua kijani kilichozidi. Kwenye infraredi kipimo hicho hakipo. Ndiyo maana kila jambo linalosemwa kuhusu picha hizi inabidi kwanza lijulikane ni la aina gani: ni tabia ya mwanga wenyewe, ni kasoro ya kifaa, au ni uamuzi wako wewe mpigaji? Maoni mengi hupotea kwa sababu mtu analaumu uamuzi pale ambapo ni tabia ya mwanga, au anasifia "ubunifu" ambao kwa kweli ni kasoro ya lenzi.

Tuanze na mwanga. Majani huonekana meupe kwa sababu klorofili (kijani cha majani) haifyonzi infraredi ya karibu, na mwanga huo ukiingia kwenye jani hutawanywa na nafasi za hewa zilizo kati ya seli, kisha sehemu kubwa hurudi nje. Mwanafizikia wa Marekani, Robert W. Wood, alichapisha picha za namna hii mwaka 1910, na hali hiyo ya majani kung'aa hubeba jina lake hadi leo. Haihusiani na joto la mti. Joto la vitu vya kawaida huonekana kwenye mawimbi ya karibu nanomita 10,000, ilhali sensa ya silikoni, yaani kipande cha kamera kinachopokea mwanga, huishia karibu na 1,100. Anga nalo huwa jeusi kwa sababu hewa safi hutawanya zaidi mawimbi mafupi kuliko marefu: mwanga wa bluu wa nanomita 450 hutawanywa takriban mara sita na nusu zaidi ya ule wa 720. Matone ya wingu ni makubwa, hutawanya yote kwa usawa, kwa hiyo wingu hubaki jeupe juu ya anga jeusi. Maji hufyonza infraredi, hivyo ziwa huwa jeusi pale lisipoakisi wingu au kitu kingine cheupe. Anayekwambia "anga ni jeusi mno" huenda anaielezea fizikia tu. Swali lenye maana ni kama weusi huo unaisaidia picha au unaifunga.

Kasoro za kifaa ndizo zinazohitaji jicho lililozoea, na hapa mtoa maoni anaweza kumsaidia mwenzake sana. Inayosumbua kuliko zote ni doa la mwanga: mviringo uliofifia katikati ya picha, mara nyingi wenye rangi tofauti kidogo na pembeni. Hutokana na mwanga kugongagonga ndani ya lenzi, na lenzi bora kabisa kwa mwanga wa kawaida inaweza kuwa mbaya kwa infraredi. Ukiliona kwenye picha ya mwenzako, usiishie kumwambia aikate. Mwambie apige mandhari ileile apecha (tundu la lenzi) ikiwa f/4, yaani wazi, na kisha ikiwa f/11, yaani imefungwa zaidi. Mviringo ukikolea na kuwa na kingo kadiri apecha inavyofungwa, tatizo ni lenzi, na hakuna uhariri utakaolimaliza vizuri.

"Haijatulia" ni neno jingine linalosemwa ovyo. Ukungu wa picha una sababu kadhaa, na kila sababu huacha alama yake. Majani yakiwa yamefifia lakini mawe ni makali, huo ni upepo. Huwapata sana wanaotumia kamera ambayo haijabadilishwa, kwa kuwa kichujio cha 720 mbele ya lenzi ya kamera hiyo hudai sekunde kadhaa hata juani. Kitu ulicholenga kikiwa hafifu na kilicho nyuma yake kikiwa kikali, fokasi (mahali penye ukali) imehama, kwa sababu lenzi haikusanyi infraredi mahali palepale inapokusanya mwanga unaoonekana. Lenzi nyingi za zamani zilikuwa na alama nyekundu kwa ajili ya marekebisho hayo. Leo, kulenga kwa kutumia sensa yenyewe huondoa sehemu kubwa ya tatizo. Na picha nzima ikiwa laini kwa kiwango kimoja huku apecha ikiwa f/16, basi ni mtawanyiko wa mwanga kwenye tundu dogo, ambao huongezeka mawimbi yanapokuwa marefu. Mimi hupendelea f/8 na sivuki hapo bila sababu. Angalia pia histogramu (chati ya mgawanyo wa mwanga kwenye picha) ya chaneli nyekundu, yaani sehemu ya rangi nyekundu, peke yake. Ile ya jumla inaweza kuonekana salama wakati mawingu yameshaungua, yaani yamekuwa meupe bila undani wowote.

Baada ya hayo ndipo tufike kwenye uamuzi: mpangilio, kiasi cha utofauti wa weusi na weupe, kubadilishana kwa chaneli nyekundu na bluu ili anga liwe la bluu, au kuacha yote kuwa nyeusi na nyeupe. Naamini hapa ndipo maoni yanapaswa kutumia muda mwingi zaidi, kwa sababu infraredi huficha udhaifu wa mpangilio. Miti myeupe na anga jeusi huvutia mtazamaji mpya, ndiyo hiyo "kali sana" unayoisikia. Lakini majani ambayo kwa macho yalikuwa na aina tano za kijani huwa kundi moja jeupe, na mti wa mbele humezwa na msitu ulio nyuma yake. Kinachobaki cha kutenganisha vitu ni vivuli, mashina, mawe na maji. Ipunguze picha hadi iwe ndogo kama ukucha, ondoa rangi, kisha tazama kama jicho bado linajua pa kwenda.

Unapoomba maoni, onyesha picha kwanza bila neno lolote. Acha mtu atazame, kisha muulize jicho lake lilianzia wapi na likakwama wapi. Baada ya hapo ndipo umpe taarifa: kichujio, lenzi, apecha, umehariri nini, na ikiwezekana umwonyeshe picha kabla ya kuhaririwa. Usimsimulie ulivyoteseka kupanda kilima. Atakuonea huruma na kunyamaza. Kisha uliza jambo moja mahususi, kwa mfano: "Nimeacha miti ya kushoto iwe myeupe kabisa ili jicho lipande mlimani. Je, linapanda?" Swali la "mnaionaje?" litakuletea majibu yaleyale uliyonayo.

Unapotoa maoni, anza na unachokiona kabla ya unachokihukumu. Badala ya "nimeipenda", sema: "Kivuli cha shina kinaniingiza kwenye picha, lakini kona ya juu kulia ina wingu lililoungua linalonirudisha pale kila mara. Nadhani ni chaneli nyekundu. Jaribu kupunguza mwanga hatua moja uone." Ukiwa na uhakika, sema; ukiwa unakisia, sema unakisia. Na usiihariri picha ya mtu kabla hajakuruhusu, hata kama nia yako ni njema.

Unapopokea maoni, sikiliza hadi mwisho bila kujitetea, na uandike. Watazamaji huwa sahihi zaidi kuhusu mahali wanapokwama kuliko kuhusu namna ya kurekebisha. Watatu wakisimama sehemu moja ya picha, hapo pana jambo, ingawa mmoja atasema kata, mwingine angaza, mwingine badilisha rangi.

Kwa anga lako, wanaolilalamikia waulize ni sehemu gani ya anga hasa. Wakionyesha sehemu ya juu isiyo na wingu, fungua faili ghafi (picha kama ilivyotoka kwenye kamera), nyanyua vivuli na uangalie: kama kuna mabadiliko laini ya rangi yaliyomezwa na uhariri wako, punguza utofauti. Kama hamna kitu ila chembechembe, liache jeusi, na safari ijayo panga picha ili anga hilo lichukue nafasi ndogo zaidi.